Fundi Aliyemchongea Mtoto Wetu Pacha

Siku Fundi alipomrudisha mtoto wetu tulikuwa watu saba uwani kwake, Mabwerebwere, Kilosa, na wote nawataja. Alikuwepo Fundi mwenyewe. Alikuwepo mkewe, Bi Mwajuma binti Salehe, mzaliwa wa Munisagara kama mimi, ambaye mama yake ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo. Alikuwepo dada yangu Bi Tatu, tumbo moja baba mmoja, kanitangulia kuzaliwa. Bi Tatu alikuja na Zaina, mjukuu wake kwa binti yake, wakati huo meno ya mbele yameng'oka hajaota mengine. Alikuwepo mwanangu Rajabu, aliyekuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge, amekalia kinu kilichopinduliwa. Alikuwepo mgeni asiye ndugu wa mtu, mnunuzi wa vinyago, alijiita Bwana Kasimu, gari lake kalisimamisha nje ya ua. Na mimi.

Mtoto ninayemsema ni wa mti. Kwetu tunamwita mwana hiti. Urefu wake kama kiganja na vidole, hana mikono wala miguu, ana kichwa chenye nywele za pande mbili kama jogoo mwenye vilemba viwili, ana maziwa madogo na kitovu. Msichana akiwekwa ndani kufundwa hupewa huyo, amwogeshe, ampake mafuta ya mbarika, alale naye, amlishe kabla ya kula yeye. Akitoka nje anatoka naye kifuani. Halafu anarudishwa kwa mkubwa wa ukoo kumsubiri mwali mwingine. Ukoo wetu unakwenda kwa mama, na mtoto naye anakwenda kwa mama. Wa kwetu alishikwa na bibi yetu, na mama yetu, na Bi Tatu, na mimi, na binti yangu Salima. Hatukumwabudu. Alikuwa mtoto wa nyumba, basi.

Nilichotaka kujua siku ile ndicho ninachotaka kujua mpaka leo: yule niliyeondoka naye pale uwani ndiye aliyeshikwa na mama yangu, au ni pacha wake aliyechongwa aende Ulaya?

Jina la Fundi nalijua, na la baba yake, na la mama yake. Silitaji. Watoto wake wako barabarani Mikumi wanauza vinyago wanakula, na mtu haharibiwi kazi kwa ajili ya marehemu. Mji mzima ulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi, wa baiskeli, wa cherehani, wa saa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, hata mtoto alikupeleka kwake.

Mtu mfupi, mabega mapana, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimekatika ncha. Ukimuuliza kimekatwa na nini, anasema, "Nilimnyooshea mke wangu." Bi Mwajuma akiwa jikoni anajibu, "Na kile kingine nakisubiri." Ndivyo walivyoishi miaka yote, wanachokozana kama watani, na hapakuwa na nyumba yenye chakula kitamu kuliko ile.

Chakula nakitaja kwa sababu. Fundi hakukuchongea mwana hiti mpaka ale kwako. Unakwenda na haja yako, yeye anakuuliza mama wa mwali anapika lini. Anakuja, ananawa, anakula kimya, macho yanazunguka: nani anakaa wapi, nani anamkatiza nani, mtoto analia anachukuliwa na nani. Kwa mama mkwe wangu alikula mlenda, akasema, "Nyumba hii ina haraka. Mlenda haukuchemka vizuri." Mama mkwe hakumsemesha mwaka mzima. Lakini mtoto aliyemchongea wifi yangu alikuwa na uso wa mtu anayesubiri, kope nzito, midomo imetulia, na wifi yangu, kichaa yule, alitoka ndani ametulia hivyo hivyo. Mimi nasema niliyoyaona. Kama ni mti au ni yale mafunzo, sijui.

Kwa mti alikuwa mgomvi. Wengine wanasema wachongaji wanauomba mti radhi. Huyu aliutukana. Nilimsikia mara nyingi nikipita na ndoo: "Kaidi wewe! Shemeji wewe! Nimekuomba kidogo tu hapa shingoni, unanifanyia visirani!" Na alionja. Akipasua kipande anakimega kwa jino, anakitafuna, anakitema. "Hiki bado kina maji. Kiweke mpaka mahindi yabebe." Magogo mazuri aliyatoa Munisagara, akayashusha stesheni Kilosa amewabebesha watu asiowajua, akiwaambia ni dawa. Hapo hakuwa na haya.

Watu wa mjini wanadhani mchongaji ni wa vinyago. Sisi tulikula kwa mikono ya yule mtu. Kinu changu yeye, mchi wangu yeye, mwiko, chano, kigoda cha kukalia kuni zinapowaka, mbuzi ya kukunia nazi, kata ya maji. Wafugaji walitoka huko mbugani kuja kwake kununua fimbo na rungu. Mwaka mmoja ng'ombe waliingia shambani kwake wakamaliza mahindi, na wiki ile ile mzee wa kifugaji akaja kuagiza rungu. Akalichonga zuri mno. Mkewe akamwuliza, "Umelogwa?" Akasema, "Mahindi yameliwa. Rungu nalo liharibike?"

Kinu kipya hakukuacha uondoke nacho kitupu. Alitia unga wa uwele au unga wowote, gao moja, akakwambia, "Kikifika nyumbani kikiwa na njaa, kitawafundisha njaa." Lakini ukimwambia hiyo ni imani, anacheka mpaka anakohoa. "Ni mti, Mama Rajabu! Ukishindwa na mti utaweza nini?" Ijumaa yuko msikitini safu ya mbele, kanzu nyeupe. Mwalimu wa madrasa, Maalim Shabani, alimfuata siku moja kumwonya kwamba siku ya kiama aliyechonga ataambiwa avitie roho alivyovichonga. Fundi akamjibu kwa adabu kabisa, "Maalim, ndiyo maana nawapa wanawake. Wao wataitia." Maalim Shabani aliondoka anatikisa kichwa, na mwezi uliofuata mkewe akaja kuchukua mwiko na kitu kingine, akaondoka amekifunga ndani ya kanga.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Akisema ni mti, lakini akishamkabidhi mwana hiti hakumgusa tena. Hata ukimwomba akushikie ufunge kanga, anarudisha mikono nyuma. "Si wangu tena huyo."

Halafu mambo yakafunguka. Redioni walisema biashara huria, kila mtu yuko huru kuuza na kununua. Mitumba ikaja, mabeseni ya plastiki yakaja, viti vya plastiki vikaja, mashine za kusaga zikafika mpaka ambako hapakuwa na barabara. Nani anunue kinu? Mashamba ya mkonge yakafungwa moja baada ya jingine, na wanaume waliozoea king'ora cha asubuhi wakawa wanaamka saa ile ile wanakaa kibarazani. Wana wawili wa Fundi wakahamia Mikumi, kwenye barabara kuu, magari ya watalii yanakosimama. Wakamtumia salamu: Baba, chonga twiga.

Alichonga. Alichonga twiga mpaka ua ukajaa shingo. Alichukia kila mmoja. "Twiga sijamla, sijamuoa, hajanisalimia. Nitamjuaje?" Lakini alichonga, maana Bi Mwajuma alikuwa ameanza kupika bila mafuta.

Wazungu wakachoka na twiga, wakataka vya kale. Hapo ndipo Bwana Kasimu alipoanza kuonekana na gari lake, anapita Mabwerebwere mpaka Munisagara, anauliza wanawake wazee, "Mama, hamna kitu cha bibi zenu humo masandukuni?" Kitu cha bibi! Na wanawake wakatoa. Namjua Mama Chausiku aliyetoa, namjua Bi Hadija wa stesheni aliyetoa, na siwasemi, kwa kuwa na mimi nimo.

Wa kuuza, Fundi aliwachonga lakini hakuwatia kitovu. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe. "Asiye na kitovu hakuzaliwa," alisema. "Mzungu anunue gogo lenye maziwa." Bwana Kasimu akagundua, akawarudisha wote. Alisema huko wanakokwenda watu wana vitabu, wanajua kitovu kinakaa wapi. Fundi akakaa siku mbili hachongi. Siku ya tatu nilipita nikaona anachonga, na vyote vina vitovu. Sikumsalimia siku ile. Alijua kwa nini.

Sasa nije kwenye langu. Masika yale upepo ulichukua paa la nyumba yangu lote, nyasi na fito. Nililala kwa jirani yangu Mama Sikujua na watoto wa Salima. Rajabu hana kazi. Ndipo Fundi akanijia mwenyewe. Akasema Bwana Kasimu amesikia ukoo wetu una mtoto wa zamani sana, na yuko tayari kuleta bati za nyumba nzima.

Nikasema, "Fundi, toka."

Akasema, "Sikwambii umuuze. Niazime. Nitamchongea pacha, nitamtia moshi, nitampaka mbarika, nitampa hata ule ufa wa sikioni. Kasimu atabeba pacha, wewe utabaki na mtoto na bati."

"Nitajuaje hutawachanganya?"

Alicheka. "Mama Rajabu, mimi nichanganye? Wewe mwenyewe ndiye hutajua. Mimi nitajua nikiwa nimelala."

Mtoto alikuwa kwangu kwa sababu mama yetu alinifia mikononi. Lakini kauli ilikuwa ya Bi Tatu, mkubwa. Nilimwambia dada yangu kwamba nampeleka mtoto kwa Fundi azibwe ufa. Huo ndio uongo wangu, nimeuandika, asiseme mtu kwamba nimeuficha.

Kazi ilimchukua majuma kadhaa. Aliwatundika wote wawili uchagani, juu ya moto wa Bi Mwajuma, moshi ule ule, na kila baada ya siku mbili aliwashusha akawapaka mafuta, akawageuza, akawarudisha. Kwa nini yule wetu naye atiwe moshi? Nilimwuliza. Akasema pacha hawezi kufanana na mtu aliyekaa kando, wakae pamoja washike rangi moja. Nikaona ni ufundi.

Siku ya kuchukua, Bi Tatu akaja. Hakualikwa. Amesikia mtoto amezibwa, amekuja kumpokea, kama inavyotakiwa, na Zaina mkononi ili amwone atakayemshika kesho. Akaingia uwani akakuta Bwana Kasimu kakaa, na Fundi anatoka jikoni ana mmoja mkono huu, mmoja mkono huu.

Dada yangu aliwaangalia. Halafu akaniangalia mimi. Akasema polepole, "Tangu lini mama yetu alizaa pacha?"

Rajabu akainuka pale kwenye kinu, akakaa tena.

Bwana Kasimu akasema, "Mama, tusichukue muda, njia ni mbovu."

"Wewe nyamaza, sikukuzaa," akasema Bi Tatu. "Fundi. Yupi wetu?"

Niliona. Wengine waliangalia watoto, mimi niliangalia uso wa Fundi. Aliutazama mkono wa kulia. Akautazama wa kushoto. Akawabadilisha, wa huku akaenda huku. Muda wenyewe ni wa kumeza mate, hauzidi. Kisha akanyoosha mkono akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Huyu."

Bi Tatu hakupokea. Alisema, "Mpe aliyemleta." Nikapokea mimi. Yule mwingine akafungwa gazeti akaingia kwenye gari.

Bati zilikuja kweli. Nzuri, za migongo. Mvua ikinyesha hatusikilizani.

Zaina alipokua, Bi Tatu alikubali awekwe ndani na yule niliyempa, kwa sababu hatukuwa na mwingine na kwa sababu Fundi alisema mbele ya watu. Zaina akafundwa, akatoka, akaolewa Kimamba na kijana mzuri, dereva. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ilifika miezi saba. Hospitali walisema neno la damu, na mimi sibishani na hospitali. Lakini Bi Tatu alikuja kwangu akasimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Umempa mjukuu wangu gogo." Hayo ndiyo maneno ya mwisho dada yangu kunisemesha. Alipougua nilikwenda, akageukia ukutani. Niliosha maiti yake mimi, na wakati namwosha nilimwuliza kama bado hajui yupi ni yupi au sasa anajua.

Fundi naye alikuwa ameondoka Kilosa. Bi Mwajuma alifariki, na binti yao aliyeolewa Kidodi akamchukua baba yake. Nikakaa miaka. Sikumfuata. Ukweli niliogopa. Nilikuwa nimezoea kutojua kama mtu anavyozoea jino bovu. Lakini Mariamu, mjukuu wangu, mtoto wa Salima, akavunja ungo, na Salima akaniuliza, "Mama, tunamweka ndani lini? Na mtoto yupo?"

Nikamfunga yule mtoto kwenye kanga, nikapanda basi la Mikumi, nikabadilisha, nikafika Kidodi mchana. Malori ya miwa yanapita mfululizo, kila kitu kina vumbi, hata majani ya mapapai. Nilimkuta Fundi amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya binti yake anachambua maharage. Macho yake yanaona. Mikono ndiyo ilikuwa inatetemeka, maharage yanaruka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani huyo? Mama Rajabu! Umekonda kama mgambo. Karibu. Hapa wananilisha sukari tu, nitakufa mtamu."

Tulicheka. Tukaulizana wazima na wafu, na hiyo ilichukua muda. Nikampa pole ya Bi Mwajuma, akanipa pole ya Bi Tatu. Kisha nikamfungua mtoto nikamweka kwenye mkeka kati yetu.

Fundi aliacha maharage. Hakumshika. Lori lilipita, tukangoja lipite.

Nikasema, "Sikuja kukugombeza. Mjukuu wangu anataka kuwekwa ndani. Niambie tu. Ni huyu?"

Aliinama akamtazama mtoto kichwani mpaka kitovuni. Halafu akasema, "Nilijua mpaka Jumatano."

"Jumatano gani?"

"Juma lile alilokuja Kasimu. Kila nikiwageuza nilikuwa najua. Wenu nilimweka upande wa ukuta. Jumatano nikajua. Alhamisi nikawashusha kuwapaka, Mwajuma akaniita nje kuna mgeni wa msiba, nikawaacha kwenye chano. Niliporudi..." Akanyanyua mkono ule unaotetemeka, akaushusha. "Niliwatazama mpaka jua likatua. Nilimfanya vizuri mno, Mama Rajabu. Nilimfanya vizuri mno yule."

"Na Ijumaa ukaninyooshea mkono."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Mbele ya dada yako? Mbele ya yule mtu? Fundi aseme hamjui mtoto wake na wa mwenzie?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na wewe ulikuwa huna paa."

Nilimwuliza nifanye nini na Mariamu. Akasema achongwe mpya, aanze naye, wengine wote walianza na mpya. Nikamwuliza achongwe na nani. Akaitazama mikono yake. Binti yake akaleta wali na mchuzi wa samaki wa mto Ruaha, tukala, na Fundi hakusema neno lolote juu ya chakula, si zuri si baya. Nilipomfunga mtoto kwenye kanga yangu alikuwa ameshageukia maharage. Alifariki kabla miwa ya mwaka ule haijaisha kukatwa.

Mariamu hakuwekwa ndani. Salima alingoja, mimi nikawa nasema mwezi ujao, mwezi ujao, mpaka msichana akaenda kwa shangazi yake Morogoro, na sasa amekuwa mkubwa wa kufundishwa na televisheni. Mtoto yuko kwenye sanduku. Kumtupa siwezi, huenda ni yeye. Kumpa mtu siwezi, huenda si yeye. Mafuta nampaka, na kila nikimpaka nasema pole, sijui nampa nani. Nikifa sijui Salima atamfanya nini, na sina neno la kumwachia.

Waliokuwepo siku ile tumebaki mimi, Rajabu, na Zaina ambaye alikuwa mdogo na hapendi kuulizwa. Kasimu sijui kama yu hai. Rajabu anasema hakuona Fundi akibadilisha mikono, anasema Fundi alinyoosha mkono mara moja bila kusita, na kwamba yale ya Kidodi ni uzee wa Fundi ulikuwa unasema. Huenda. Mimi majina siyakosei, lakini macho ni macho. Kama kuna aliyechungulia kwenye ua ule, jirani, mpita njia, mtu yeyote wa Mabwerebwere wa miaka ile, na akaona vingine, aje aniambie nimekosea. Sitanuna. Nimekosolewa mengi maishani nikakasirika, lakini hili nitamshika mkono anayenikosoa.